Hesabu ya Ndoano

Pacha wangu Bukuru huja dukani Jumamosi,
si kwa salamu. Anataka uzi mwekundu.
Nasimamisha cherehani, anamwaga mezani
manyoya ya jogoo, ya shingoni tu
(ya mkiani, husema, yanalewa maji),
na ndoano alizochomeka
kwenye kipande cha kandambili.

Nimepinda nguo za nusu ya Ujiji:
sare za shule, mashuka, suruali za hakimu.
Kazi inayonitoa jasho ni hii:
kuviringisha uzi shingoni mwa ndoano,
mizunguko saba, kulaza unyoya, mingine mitatu,
fundo, mate kidogo, nta ya mshumaa.
Ukikaza mno, unyoya unakufa.
Ukilegeza, kuhe anauvua nguo
kabla hujamwona.

"Usimwige dagaa," hunionya. "Dagaa wapo elfu.
Mwige dagaa mgonjwa."
Basi naufunga kombo kidogo,
mimi niliyefukuzwa ufundi mara mbili
kwa mshono kwenda kombo.

Mwezi wa saba akavunjika mguu,
wala si ziwani: kwenye ngazi za posta.
Plasta mpaka pajani.
"Nenda wewe, Butoyi. Tuligawana tumbo,
mkono utatushinda?"
Akanifundisha uani, amekaa juu ya ndoo,
mimi na ufito wa mwanzi,
kifungo cha shati mwisho wa mshipi.

Nyuma kwanza. Kisha acha.
Hapo ndipo wengi huharibu, wana haraka ya mbele.
Vuta pumzi moja, mshipi ujinyooshe
mgongoni kwako, usikouona.
Uamini.
Ndipo uulete, si kama anayekung'uta shuka,
kama anayebisha hodi
kwenye mlango wa mgonjwa: ko, basi.

Katonga, mawe bado baridi miguuni.
Mshipi hauna risasi, uzito wake ni wa mkono tu.
Mara ya kwanza nilivua kitenge changu mwenyewe.
Mara ya pili, jiwe.
Watoto waliokuwa wakisugua sufuria
wakaacha kusugua.
Mara ya tatu niliisahau mikono,
nikawa nawaza koti la mteja fulani, mabega yake,
na unyoya ukatua majini
kama aliyeketi bila kuvuta kiti.

Akaja.
Wa njano, mzito, madoa matatu meusi ubavuni
yamepangwa sawa kama vifungo.
Ufito ukapinda, nikapinda nao,
nikarudi nyuma kisigino kwa kisigino
hadi akalala kwenye maji ya kifundo cha mguu,
akihema.

Hapo nikaona alikotoka.
Wingu la vitoto, wadogo kama ulezi uliomwagika,
na mwenzake akizunguka juu yao, huku, kule,
kama mtu anayefunika mboga isiingie mvua
kwa kiganja kimoja.

Sikufikiri jambo la maana.
Niliitoa ndoano kama ninavyofumua
mshono wa mteja aliyenenepa:
polepole, kitambaa kisichanike.
Watoto wa sufuria wakaguna.
Mmoja akaniita kichaa, kwa heshima: "Mama kichaa."

Nyumbani nilisema mshipi umekatika.
Kuhe mkubwa, Bukuru, kaondoka na ndoano.

Hakujibu. Alichukua kile kipande cha kandambili,
akapitisha kidole gumba, ndoano kwa ndoano,
midomo ikihesabu.
"Zilikwenda kumi na moja."
Chai ilikuwa imeingia utando.
"Zimerudi kumi na moja."

Akauhamisha mguu wake wa plasta kwa mikono miwili,
kama anayehamisha mzigo wa mtu mwingine.
"Walikuwa na watoto?"
Nikasema ndiyo.
Akanywa chai na utando wake.

Baadaye sana, taa imezimwa,
akauliza toka chumba cha pili,
kama jambo lisilo na uzito:
"Ni jiwe lipi hasa?"

Nikamtajia jingine.